Somo la Makatibu: Maneno ya Fedha Yafananayo kwa Sura na Kutofautiana kwa Maana
Funzo kutoka kwa vyama vya kahawa vya nchi zisemazo Kihispania

Shabaha ya somo. Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili, katibu na mwanachama wataweza: (a) kueleza kwa nini neno la fedha la lugha ya kigeni halifai kukisiwa kwa sura yake, (b) kutambua makosa ya maneno, tarakimu na vipimo yanayoweza kukipotezea chama fedha, (c) kuanzisha daftari la maneno ya biashara katika ofisi ya chama.

1. Kahawa moja, lugha mbili

Kahawa ya arabika ya Kolombia, Honduras, Guatemala, Peru na kusini mwa Meksiko hulimwa na watu ambao ofisi zao na vitabu vyao vya hesabu hutumia Kihispania. Lakini bei yake hufuata soko la New York, na mikataba mingi ya kuiuza ng'ambo huandikwa kwa Kiingereza. Katika soko hilo bei hutajwa kwa senti za Marekani kwa kila ratili, na mkataba mmoja ni ratili 37,500, yaani tani 17 hivi. Soko hilohilo ndilo linalotazamwa na wanunuzi wa arabika ya Kilimanjaro na Mbinga. Kwa robusta kama ile ya Kagera hutazamwa soko la London, ambako bei hutajwa kwa dola kwa tani. Kwa hiyo taabu wanayoipata makatibu wa kule si ngeni kwa makatibu wa huku.

Mfano mmoja unajulikana sana. Mwaka 1983 wakulima wadogo wa jimbo la Oaxaca, Meksiko, waliunda umoja wao uitwao UCIRI ili wauze kahawa bila kupitia kwa walanguzi. Mwaka 1988 kahawa yao ikawa ya kwanza kuuzwa Uholanzi chini ya alama ya Max Havelaar, iliyofungua njia ya biashara ya haki katika Ulaya. Wengi wa wakulima hao ni Wazapoteki na Wamixe, na kwao Kihispania chenyewe ni lugha ya kujifunza. Kuuza ng'ambo kuliwataka wafanye kazi kwa lugha zaidi ya moja ambazo si za nyumbani kwao.

2. Mtego ulipo

Msemaji wa Kihispania anapoanza kusoma Kiingereza cha fedha hufurahi, kwa sababu lugha zote mbili zimechota maneno mengi kutoka Kilatini. Akiona "capital" anaelewa, akiona "credit" anaelewa. Furaha hiyo ndiyo mtego wenyewe, kwani kati ya maneno yanayofanana yamo yaliyoachana maana. Walimu wa lugha huyaita marafiki wa uongo. Neno geni kabisa humfanya msomaji asimame aulize. Rafiki wa uongo humpitisha bila kuuliza. Yafuatayo yanahusu sana vyama vya ushirika:

"Actual." Kwa Kihispania, bei "actual" ni bei ya sasa. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya halisi. Katika taarifa ya hesabu yenye safu ya makisio na safu ya "actual", safu ya pili huonyesha kilichopatikana au kilichotumika kweli, wala si bei ya siku hiyo.

"Balance." Kwa Kihispania "balance" ni mizania, ile karatasi ya mali na madeni ya chama. Kwa Kiingereza neno hilo peke yake huwa ni salio, ambalo Wahispania huliita "saldo". Benki ikiuliza "balance" ya mkopo, inataka kujua deni lililobaki, na kupelekewa mizania nzima si jibu la swali lake.

"Eventual." Kwa Kihispania malipo "eventual" ni malipo yanayoweza kuwapo au yasiwepo. Kwa Kiingereza ni malipo yatakayokuja mwishoni. Hapa pana hatari kubwa. Chama kikiandika kwa Kihispania kwamba malipo ya pili ni "eventual", kimewaambia wanachama wasiyahesabu. Yeyote atakayeifasiri barua hiyo kwa Kiingereza kwa neno lilelile amegeuza huenda kuwa ahadi.

"Compromiso." Hili ni neno la Kihispania lenye maana ya ahadi au wajibu uliofungwa. "Compromise" ya Kiingereza ni mapatano ambayo kila upande umelegeza kidogo. Chama kinachotaka kusema kimejifunga kuleta kahawa, kikatumia neno hilo, kinaweza kumfanya mnunuzi adhani kiko tayari kupunguza madai yake.

"Acción." Kwa Kihispania ni hisa ya kampuni. "Action" ya Kiingereza, katika barua ya kisheria, yaweza kuwa ni mashtaka. Hisa kwa Kiingereza ni "share".

"Utilidad." Katika nchi za Amerika zisemazo Kihispania neno hili ni faida ya biashara. "Utility" katika hesabu za Kiingereza ni huduma kama umeme na maji. Tena vyama vya ushirika vya kule havipendi kuita baki lao la mwaka "utilidad". Huliita "excedente", kama vile huku linavyoitwa ziada. Kwa Kiingereza ni "surplus". Chama kinachoandika "profit" mahali pa "surplus" kinajieleza kana kwamba ni kampuni ya watu binafsi.

3. Tarakimu na vipimo

Wengi hudhani tarakimu hazina lugha. Sivyo. Katika Kolombia, Argentina na Hispania nukta hutenga maelfu na mkato hutenga sehemu za kumi. Kwa hiyo 1.500 ni elfu moja na mia tano, na msomaji wa Kiingereza huisoma moja na nusu. Meksiko na Guatemala huandika kama Waingereza. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba barua imetoka nchi ya Kihispania. Lazima kujua ni nchi ipi.

Neno "billón" la Kihispania ni milioni mara milioni. "Billion" ya Kiingereza cha leo ni milioni elfu moja, sawa na bilioni ya Kiswahili. Serikali ya Uingereza nayo iliacha hesabu ya zamani mwaka 1974. Anayefasiri bajeti ya nchi kwa kufuata sura ya neno hukosea mara elfu.

Kubwa zaidi kwa mkulima ni "quintal". Katika biashara ya kahawa ya Amerika ya Kati quintal moja ya kahawa safi ni kilo 46. Lakini quintal ya mfumo wa metriki ni kilo 100. Chukua kontena moja lenye magunia 275 ya kilo 69. Uzito wake ni kilo 18,975, yaani quintal 412.5 za kilo 46. Chama kikiandika tu kwamba kitaleta "quintal 412.5", mnunuzi anayehesabu kwa metriki atangojea kilo 41,250. Kahawa itakapofika atasema zimepungua kilo 22,275, na chama kitaitwa kisichotimiza ahadi ilhali kimeleta kila punje. Dawa yake ni nyepesi: pembeni mwa kila kipimo cha kienyeji iandikwe idadi ya kilo. Vilevile ielezwe hali ya kahawa. Huko Meksiko quintal hiyo ya kilo 46 za kahawa safi hutokana na kilo 57.5 za kahawa yenye ganda lake la ndani. Kahawa safi iliyokobolewa Wahispania huiita "oro", yaani dhahabu, lakini kwa Kiingereza haiitwi dhahabu. Huitwa "green coffee".

4. Maneno mawili ya mkataba na mkopo

Mikataba mingi ya kahawa haitaji bei kamili. Hutaja kiasi cha kuongeza au kupunguza juu ya bei ya New York, na bei yenyewe hufungwa siku nyingine kabla ya tarehe iliyowekwa. Katika mikataba hiyo hupatikana maneno "seller's call" au "buyer's call". Kamusi humwambia msomaji kwamba "call" ni mwito, naye hudhani atapigiwa simu. Maana yake ni haki ya kuchagua siku ya kufunga bei: ya kwanza humpa haki hiyo muuzaji, ya pili humpa mnunuzi. Kontena lililotajwa juu lina ratili 41,833 hivi. Kila senti moja ya ratili ni dola 418. Bei ikishuka senti 10 kabla ya kufungwa, chama kimepoteza dola 4,183. Kamati isiyojua haki ya kuchagua siku ni ya nani haijui iliyotia sahihi.

Kwa upande wa mkopo, yapo maneno "flat" na "reducing balance". Riba ya "flat" hutozwa juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho. Ile ya "reducing balance" hutozwa juu ya deni lililobaki tu. Mkopo wa dola 10,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, mtaji ukirudishwa kwa mafungu 12 sawa ya kila mwezi, hutoa riba ya dola 1,200 kwa njia ya kwanza, na dola 650 kwa njia ya pili. Asilimia ni ileile. Tofauti ni dola 550, nayo imekaa katika neno moja.

5. Namna ya kujifunza

Kukariri orodha ndefu ya maneno hakusaidii sana. Njia ifaayo ni kuanza na karatasi zilizopo ofisini: mkataba, ankara, hati ya shehena, barua ya benki. Kila neno lisilofahamika liandikwe katika daftari lenye safu nne: neno lenyewe, sentensi nzima lilimotoka, maana yake kwa lugha ya wanachama, na mfano wa hesabu. Safu ya nne isiachwe tupu. Neno ambalo katibu hawezi kulitolea hesabu bado hajalielewa. Maana isiyo na hakika iulizwe kwa mnunuzi au benki kwa maandishi, kabla ya sahihi wala si baada yake, na jibu lihifadhiwe jaladani.

6. Na Kiswahili je?

Msomaji asidhani kwamba mitego hii ni ya Wahispania peke yao. Neno "kodi" la Kiswahili ni ushuru wa serikali, na pia ni malipo ya pango la ghala. Kwa Kiingereza ni maneno mawili mbalimbali. Wapo wanaosema "faida" kwa pato la biashara na kwa riba ya benki pia. Katibu anayefasiri taarifa ya mkaguzi mbele ya mkutano mkuu lazima aseme ni ipi kati ya hizo. Mwanachama ambaye hakuelewa neno hawezi kuuliza swali, na mkutano usioulizwa maswali hauwezi kulinda mali yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Tafuta katika jalada la chama barua moja ya Kiingereza. Ni maneno mangapi ya fedha yaliyomo ambayo Kamati ilikisia maana yake?
2. Chama chenu hutumia vipimo gani vya kienyeji? Andika kila kimoja kwa kilo.
3. Katika mkopo wa mwisho wa chama, riba ilitozwa juu ya deni lote au juu ya deni lililobaki? Nani katika Kamati anaweza kulionyesha jambo hilo katika mkataba wenyewe?
4. Kokotoa riba ya mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa asilimia 12, ukirudishwa kwa mafungu 12 sawa ya kila mwezi, kwa njia zote mbili. (Majibu: 720,000 na 390,000.)