Kinga ya Mwili Inapokosea: Funzo Kutokana na Panya wa NOD

Mwanafunzi wa biolojia anafahamu kwamba kongosho hutoa insulini, homoni inayoziwezesha seli za mwili kupokea sukari iliyomo katika damu. Insulini hutengenezwa na seli za beta. Katika kisukari cha aina ya kwanza seli hizo huangamizwa, si na vijidudu, bali na kinga ya mwili wenyewe. Je, kosa hilo huanza lini?

Kwa binadamu ni vigumu kujua, maana kongosho lake haliwezi kutolewa na kuchunguzwa kila wiki. Msaada ulitoka Japani. Mwaka 1980 S. Makino na wenzake walieleza habari za ukoo wa panya wadogo weupe, uitwao NOD, ambao huugua kisukari wenyewe bila kudungwa sumu yoyote. Panya hao wafikapo umri wa wiki 4 hivi, chembe nyeupe za damu huanza kuzizingira seli za beta. Lakini sukari haionekani katika mkojo mpaka baada ya wiki 12 au zaidi. Ugonjwa hutangulia, dalili hufuata.

Chembe za kinga hupashana habari kwa kemikali. Baadhi ya kemikali hizo huchochea mashambulizi, na nyingine huyatuliza. Interlukini-2, kwa mfano, huzitegemeza limfositi za T zinazowazuia wenzao. Panya wa NOD huitoa kwa uchache, hivyo kizuizi chao ni dhaifu. Hata hivyo, urithi peke yake hautoshi: majike huugua zaidi kuliko madume, na wanaofugwa katika usafi mkubwa huugua zaidi kuliko wanaoishi na vijidudu vingi.

Tiba nyingi zilizowafaa panya hazikuwafaa watu. Lakini mwaka 1994 watafiti wa Ufaransa waliwaponya panya wa NOD kwa kingamwili zinazozishika limfositi za T. Na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha teplizumabu, dawa ya jamii hiyo, ambayo huuchelewesha ugonjwa kabla dalili hazijatokea.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayekunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara na kukonda upesi apelekwe kupimwa sukari siku hiyo hiyo. Wakati huo seli zake nyingi za beta huwa zimekwisha kupotea.

Maswali
1. Kwa nini dalili hukawia kuonekana?
2. Tofauti kati ya majike na madume yatufundisha nini juu ya urithi?