Gari Kuukuu Inaposita Mlimani



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza khabari za mikarafuu: kupalilia, kuchuma, kuchambua na kuanika. Leo twataka kuzungumza juu ya kitu ambacho si mti wala si jani, lakini kisipokwenda sawa, kazi yote ya mkulima yaweza kuharibika njiani. Kitu hicho ni gari kuukuu, inayokanyagwa mafuta ikasita, ikakohoa, na kupanda kilima kama mgonjwa.

Kila mkulima ajua kwamba karafuu mbichi haina subira. Ikilala usiku mzima imeshindiliwa katika gunia, hupata moto na kuchacha, na inapokauka huwa imenywea, nyepesi, na rangi yake imepauka. Karafuu ya namna hiyo haipati daraja nzuri hata ikianikwa kwa uangalifu namna gani baadaye. Na Pemba yetu ni vilima na mabonde. Basi gari isiyopanda si taabu ya dereva peke yake. Ni hasara ya mwenye shamba.

Haya twayasema kwa kuwa yametufika sisi wenyewe. Msimu mmoja gari yetu ya mizigo ilianza kuchoka njiani. Ikiondoka ilikuwa nzima, lakini baada ya mwendo wa robo saa ilianza kuvuta kwa shida, na ikifika kwenye kilima ilisita kabisa. Dereva alikuwa akisimama, akifungua tangi na kutia petroli ya dumu; gari ikawaka na kwenda vizuri kwa muda, kisha ugonjwa ukarudi. Tukaamua bila ya kupima kwamba kabureta imekufa. Tukanunua nyingine, tukalipa na fundi wa kuifunga. Safari ya kwanza baada ya hapo gari ikasimama pale pale ilipokuwa ikisimama zamani, na magunia ya mwenzetu mmoja yakalala njiani. Asubuhi tulipoyafungua, ukitia mkono ndani wasikia joto.

Aliyetutoa katika ujinga ule alikuwa utingo wetu. Alisema, "Mzee, kila nikifungua kifuniko cha tangi nasikia hewa inaingia fyuu." Tulipotazama tukaona kwamba kifuniko cha asili kilikuwa kimepotea, na mahali pake palitiwa kifuniko kisicho na tundu, tena kimezungushiwa nailoni ili petroli isimwagikie mizigo. Petroli ilipokuwa ikitoka, hewa haikuweza kuingia kushika nafasi yake, na mwisho pampu ikashindwa kuvuta. Kilichokuwa kikiiponya gari si petroli ya dumu, bali kule kufunguliwa kifuniko. Kabureta ya zamani haikuwa na kosa lo lote.

Basi somo letu la kwanza ni hili: pima kwanza, nunua baadaye. Na katika kupima, anza na mambo mepesi yasiyo na gharama, kisha endelea kwenye mazito.

Uliza maswali kabla ya kufungua boneti

Gari ni kama mgonjwa. Dalili zake ndizo zinazotuonyesha njia. Jiulize: Je, gari inasita pale tu unapokanyaga mafuta, kisha inachanganya na kwenda vizuri? Au inavuta kwa unyonge wakati wote, khasa mlimani na mzigo ukiwamo? Ugonjwa ni wakati injini ya baridi, au baada ya kupata moto? Ulianza ghafula au kidogo kidogo? Na je, kabla ya kuanza palifanywa kazi gani? Mara nyingi jibu la swali hilo la mwisho ndilo ugonjwa wenyewe.

Kusita mwanzoni tu huelekea zaidi kwenye pampu ndogo iliyomo ndani ya kabureta, hewa inayoingia pasipo ruhusa, au moto wa plagi usiotangulia inavyopasa. Unyonge wa wakati wote huelekea kwenye petroli isiyotosha, moto uliochelewa, au injini iliyochakaa. Ugonjwa unaokuja baada ya mwendo, kisha ukapona gari ikipumzika, huelekea kwenye tangi au koili.

Hakikisha kuwa injini ndiyo yenye kosa

Baada ya mwendo mfupi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila ya kugusa chuma. Likiwako moja lenye joto kuliko wenzake, yawezekana breki yake haiachii, na injini maskini inaburura mzigo usioonekana. Injini ikipiga kelele za kasi lakini gari haiongezi mwendo, basi ni klachi inayoteleza. Kisha, injini ikiwa imezimwa, mwambie mtu akanyage mafuta mpaka chini, nawe utazame kwenye kabureta kama mlango wa hewa wa chini unafunguka wote. Tumepata kuona gari iliyokosa nguvu kwa sababu ya mkeka uliokunjika chini ya pedeli.

Hewa

Fungua chujio la hewa. Katika gari nyingi za zamani chujio huwa na bakuli la oili. Oili hiyo ikijaa vumbi na kuwa nzito kama uji, injini haipumui. Imwage, osha bakuli, tia mpya mpaka alama, wala usipitishe. Tazama pia kuwa choki inafunguka yote unapoirudisha. Choki iliyokwama hutoa moshi mweusi, gari ikala petroli nyingi na nguvu isionekane.

Petroli

Hapa twakuonyeni kwa nguvu: kazi ya petroli ifanywe nje, injini imepoa, pasiwe na sigara wala jiko karibu, na mchanga uwe tayari.

Anza na kifuniko cha tangi. Ugonjwa ukija, simama, kilegeze na usikilize. Ikiwa hewa inaingia kwa sauti na gari ikapona, umekwisha kupata jibu. Kisha safisha kikombe cha chujio la petroli. Ukikuta maji chini yake, au kutu kutoka tangi, safisha tangi pia, la sivyo ugonjwa utarudi.

Kupima pampu, kwanza ondoa waya mwembamba wa koili ili kusitokee cheche. Fungua paipu inayoingia kwenye kabureta, itie katika chupa, kisha zungusha injini. Petroli yapasa itoke kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoka kwa kudondoka, kosa liko kwenye pampu, paipu au chujio, si kwenye kabureta.

Ikiwa gari husita pale tu unapokanyaga mafuta, toa chujio la hewa, utazame ndani ya koo la kabureta hali injini imezimwa, na uvute mkono wa mafuta kwa ghafula. Katika kabureta nyingi za Solex na Zenith yapasa uone petroli ikiruka mara moja kama mate. Isiporuka, tundu lake limeziba au pampu hiyo ndogo imeharibika. Kipande hicho ni kidogo, na bei yake si bei ya kabureta nzima. Kabureta za SU hazina pampu ya namna hii. Kwa hizo fungua kifuniko cha juu na uone kama oili imo. Oili ikikauka, gari husita vivyo hivyo.

Hewa ya wizi

Kabureta hupima hewa na petroli kwa kiasi. Hewa nyingine ikiingia kwa mpira uliopasuka au gasketi iliyoungua, mchanganyiko huwa mwepesi na gari ikasita. Washa injini ingali baridi, iache ingurume polepole, kisha dondosha maji ya sabuni kidogo kwenye maungo na mipira. Pale injini itakapobadili sauti ndipo penye ufa. Usitumie petroli kwa kipimo hiki. Wako watu waliounguza gari kwa njia hiyo.

Moto

Toa plagi zote na uzipange kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi nzuri ina rangi ya kahawia isiyokoza. Nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha petroli imezidi. Nyeupe yaonyesha hewa imezidi. Iliyolowa oili yaonyesha ringi au valvu zimechakaa. Moja ikiwa tofauti na wenzake, tafuta kosa kwenye silinda hiyo.

Kwa mfano, tuchukue Land Rover ya petroli yenye silinda 4 na injini ya lita 2.25, iliyokuwamo katika Series II, IIA na III zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985. Pengo la plagi zake ni kama milimita 0.75 hadi 0.80, na pengo la pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Moto wake huenda silinda 1, 3, 4, kisha 2. Kwa gari nyingine fuata kitabu chake.

Pointi hulika polepole, na kisigino chake kikilika, pengo hupungua na moto huchelewa. Dereva haoni mabadiliko, kwa sababu yanakuja siku kwa siku. Huona tu kwamba kilima cha jana leo chataka gia ya chini. Funika distribyuta vizuri, kwani hewa yetu ya pwani hula shaba ikawa na kutu ya kijani. Usiku, injini ikiwaka gizani, tazama waya za plagi bila ya kuzigusa: ukiona cheche zikirukaruka, waya zimekwisha.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribyuta. Kazi yake ni kuutanguliza moto mguu ukiwa mwepesi juu ya mafuta. Uchomoe upande wa kabureta, injini imezimwa, uvute pumzi kwa mdomo. Yapasa uone sahani ya ndani ikisogea, na ulimi ukiziba tundu ibaki palepale. Ukivuta hewa tupu, dayaframu imepasuka. Kisha shika rota, izungushe kidogo upande inakozungukia na uiachie. Yapasa irudi yenyewe. Isiporudi, vizito vilivyo chini yake vimeshikwa na kutu, na moto hautangulii mwendo unapozidi.

Injini yenyewe

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo tutazame injini. Pima mapengo ya tapeti. Kwa Land Rover tuliyoitaja ni milimita 0.25. Ikumbukwe kwamba petroli yenye risasi iliacha kuuzwa katika nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda makalio ya valvu katika baadhi ya injini za zamani. Injini kama hizo zikifanya kazi nzito, valvu yaweza kuzama kidogo kidogo, pengo likapungua mpaka valvu isifunge. Kwa hiyo pima tapeti mara kwa mara kuliko walivyofanya wazee wetu.

Mwisho pima kompresheni ya kila silinda. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko kidogo cha oili kwa tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechakaa. Kisipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Hapo ndipo penye kazi ya fundi mkubwa, na utakwenda kwake ukijua unachomwambia.

Nasaha zetu

Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha ujaribu gari kwenye kilima kile kile, kwa mzigo ule ule. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na gari ikapona, hujui ni kipi kilichokuwa kibovu, na vingine viwili umevilipia bure. Andika tarehe na ulichofanya katika daftari dogo likae ndani ya gari. Wenye gari za dizeli pia wanaweza kufuata yale ya breki, klachi, chujio la hewa na kifuniko cha tangi.

Fanya kazi hii kabla ya msimu, karafuu zingali juu ya mti. Na umsikilize utingo wako, kwani yeye ndiye akaaye nyuma na kusikia mambo ambayo dereva na tajiri hawayasikii. Sisi tulilipa bei ya kabureta na ya magunia ya mwenzetu, na dawa yake ilikuwa ni tundu moja la kupitishia hewa.