Mlima wa Chumvi

Mwezi wa tano mwaka 1888, msafiri Stanley alikuwa karibu na ziwa Albert. Mtoto mmoja akamwonyesha mlima mweupe kwa mbali, akisema umefunikwa na chumvi. Kumbe haikuwa chumvi, bali theluji, yaani maji yaliyoganda kwa baridi. Mlima ule ni Ruwenzori.

Ruwenzori iko mpakani mwa Kongo na Uganda, karibu na ikweta. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Katika Afrika, Kilimanjaro na mlima Kenya tu ndiyo inayoipita kwa urefu.

Je, theluji yatoka wapi penye jua kali hivyo? Mtu apandapo juu, hewa huzidi kuwa nyepesi, wala haishiki joto vizuri. Kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Mji wa Lubumbashi uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Fanya hesabu: kilele cha Margherita kinaushinda Lubumbashi kwa baridi kiasi gani?

Msafiri atokaye Mutwanga, upande wa Kongo, hupita mashamba, kisha msitu mkubwa, kisha mianzi. Juu zaidi ni matope, ukungu, na maua marefu kuliko mtu. Mwisho ni mawe na barafu.

Huko juu adui si chui. Adui ni haraka. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, apandaye mbio huumwa kichwa, hutapika, na miguu humlegea. Ugonjwa huo huwapata hata wapandao milima ya Himalaya, huko Asia. Mwenye kiburi huficha maumivu, akaendelea kupanda, naye aweza kufa. Mwenye akili husema, "Naumwa," na wenzake humteremsha mara moja. Dawa yake ndiyo kushuka.

Tarehe 18 mwezi wa sita mwaka 1906, Luigi wa Abruzzi, mkuu wa Italia, alifika kileleni na viongozi wake. Wakonzo, wenyeji wa mlima, ndio waliowachukulia mizigo njiani. Hakuna ashindaye mlima peke yake.

Tangu mwaka ule theluji imepungua sana, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto. Mungu aliumba mlima ule uwanyweshe wengi: maji yake huingia mto Semliki, hata Nile. Tutunze alivyotupa.

Haraka haraka haina baraka.

Maswali
1. Mtoto yule alidhani theluji ni nini?
2. Kwa nini huko juu kuna baridi?
3. Mwenzako akiumwa kichwa mlimani, utafanya nini?