Joto la Mama: Ni Kukoma Hedhi au Tezi ya Shingo?

Mama wa miaka 48 akianza kujipepea kwa kanga usiku wa manane, kila mtu nyumbani ana jibu lake. Mume atasema malaria, jirani atasema presha, na shangazi atasema ni umri tu, litapita. Mara nyingi shangazi ndiye aliyepatia. Lakini ipo tezi ndogo mbele ya shingo ambayo ikizidisha kazi huleta joto, jasho, moyo kwenda mbio, hata kuvuruga hedhi. Tatizo hilo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na kwa mama wa umri huu ni rahisi lisishtukiwe.

Joto la kukoma hedhi huja na kuondoka. Hupanda ghafla kifuani, likapita shingoni hadi usoni, jasho likatoka, na baada ya dakika chache mama anasikia baridi na kuvuta shuka. Likishapita, yuko sawa. Wengi hulipata kati ya miaka 45 na 55, hedhi inapoanza kuruka miezi. Ikikosekana miezi 12 mfululizo, ndiyo imekoma; damu ikitoka tena baada ya hapo, aende hospitali akachunguzwe.

Joto la tezi halina likizo. Mama anashinda nalo kutwa, hata alfajiri ya mvua wenzake wakiwa wamejifunika. Anakula ugali wake vizuri na bado gauni linampwaya. Anakwenda choo mara nyingi, hasira ziko karibu, na macho huweza kutokeza. Tezi ikizembea, mambo hugeuka: baridi, choo kigumu, uzito kupanda, uchovu ambao watu huuita uvivu.

Nyumbani mnaweza kumwangalia hivi. Asubuhi kabla hajainuka kitandani, shika kifundo cha mkono wake upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakizidi 100 naye ametulia, apelekwe akapimwe. Anyooshe mikono, viganja vikitazama chini, umwekee karatasi ya daftari juu ya vidole: mtetemo usioonekana kwa macho utaonekana kwenye karatasi. Kisha anywe maji mbele ya kioo, kidevu juu kidogo. Uvimbe unaopanda na kushuka anapomeza huenda ni wa tezi.

Hayo ni ya kushuku tu. Kinachokata shauri ni kipimo cha damu cha utendaji wa tezi, kiitwacho TSH, na mama mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Zahanati isipokuwa na kipimo hicho, ombeni rufaa. Kutoka kwetu Bunda, kando ya Ziwa Victoria, barabara ya lami inakwenda Musoma, kwenye Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na upande wa pili Mwanza, kwenye Hospitali ya Bugando.

Sisi wa kando ya ziwa tuna malaria kweli, kwa hiyo homa ipimwe kwanza. Msimeze dawa ya mseto ya malaria kwa kubahatisha. Jasho la usiku lenye kikohozi cha wiki mbili linahitaji kipimo cha kifua kikuu. Pikieni chumvi yenye madini joto, ambayo tezi huyahitaji, ila kuiongeza hakutibu tezi iliyozidisha kazi.

Akizimia, akipumua kwa shida au moyo ukirukaruka, msingoje siku ya kliniki: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.