Kurudisha taimingi baada ya kubadilisha injini

Swali: Toyota Corolla imewekewa injini ya 4A-FE iliyotumika, na distributa iling'olewa wakati wa kazi. Taimingi irudishweje?

Jibu: Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche ikilinganishwa na mahali ilipo pistoni, huanza kutafutwa injini ikiwa imezimwa, kwa kuipandisha pistoni ya kwanza hadi juu kabisa katika mpigo wa mgandamizo, ambapo valvu zote zimefungwa. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa kuwa krankshafti huzunguka mara mbili distributa ikizunguka mara moja, hivyo alama ya puli hulingana pia pistoni inapomaliza kusukuma moshi nje, na injini iliyofungwa hivyo hukataa kuwaka. Distributa ikirudishwa na rota yake ikaelekea waya wa kwanza, nyaya nyingine hufuata mpangilio wa 1-3-4-2. Injini ikishapata joto lake la kawaida, vituo vya TE1 na E1 vya soketi ya uchunguzi huunganishwa ili kompyuta isisogeze cheche yenyewe, kisha distributa huzungushwa kidogo kidogo, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, hadi taa ya taimingi ioneshe digrii 10 kabla ya kilele. Kutega kwa sikio hakufai kabisa, maana cheche inayowahi mno huweza kutoboa pistoni.