Mfumo Endeshi Ndani ya Flashi: Zana ya Mwalimu Katika Shule Yenye Kompyuta Moja

Wanachuo wetu wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Rungwe, Mbarali, Kilolo na Mufindi, mara nyingi huikuta kompyuta moja tu, nayo imefunikwa kwa kitambaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kompyuta hiyo aghalabu ni ya msaada, imekwisha kutumika kwingine miaka mingi, na haiwaki ipasavyo. Ama mfumo wake umeharibiwa na virusi vilivyoletwa na flashi kutoka steshenari, ama diski yake imechoka, ama huchukua robo saa nzima kabla ya kukubali kufungua faili moja. Mwanachuo aliyeandaa somo la TEHAMA kwa bidii hujikuta akichora kibodi ubaoni. Kuchora ubaoni si vibaya, na sisi wenyewe tumefanya hivyo. Lakini mtoto aliyefundishwa kompyuta kwa chaki peke yake amefundishwa kuogelea juu ya mkeka.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu anavyoweza kubeba mfumo endeshi mwepesi ndani ya flashi, akauchomeka katika kompyuta dhaifu, na kuitumia kompyuta hiyo bila kugusa chochote kilichomo katika diski yake. Juu ya kuutengeneza tutasema machache, kwa kuwa kazi yenyewe haizidi saa moja. Tutakaa zaidi juu ya kuujaribu na kuutunza, maana hapo ndipo tulipowaona wanachuo wengi wakikwama.

Mfumo wenyewe

Mfumo endeshi ni programu inayotangulia nyingine zote. Ndiyo inayosimamia kibodi, skrini na diski, na ndiyo inayoziruhusu programu nyingine kufanya kazi. Kwa mazoea mfumo huo hukaa ndani ya diski ya kompyuta, lakini hakuna sharti kwamba ukae humo. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni mfumo huru: mtu yeyote ana ruhusa ya kuunakili, kuubadili na kuugawa. Kwa sababu hiyo wamekuwapo watu waliotengeneza mifumo midogo juu ya kiini hicho.

Sisi tunautumia zaidi ule uitwao Puppy Linux, ulioanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Kompyuta inapowashwa, Puppy hujinakili kutoka katika flashi na kuingia katika kumbukumbu ya muda, yaani RAM, kisha ikafanyia kazi humo. Hivyo wepesi wake hautegemei diski iliyochoka. Hata kompyuta iliyotolewa diski kabisa huweza kufanya kazi. Matoleo yake mengi ni ya megabaiti mia kadhaa, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 4 inatosha, na ndani yake mna programu ya kuandikia, ya mahesabu ya jedwali, ya kuchorea na kivinjari. Tiny Core ni dogo zaidi, lakini huja karibu tupu, na hatumshauri anayeanza alishike. Sugar on a Stick, lililotolewa mwaka 2009, lilikusudiwa watoto hasa. Ni zuri, ila huhitaji kompyuta yenye nguvu kuliko hizi tunazozizungumzia.

Kuhusu lugha, menyu atakazozikuta mwalimu huwa kwa kawaida za Kiingereza. Asikate tamaa kwa hilo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo kwa Kiswahili, na hivyo ikathibitika kwamba maneno ya kazi hii yanapatikana. Mwalimu aandike kwenye manila maneno kumi au kumi na mawili atakayoyatumia, kila neno la menyu likiwa mkabala na Kiswahili chake, na manila hiyo ikae ukutani muhula mzima.

Kuutengeneza na kuujaribu

Kwanza ijulikane kama kompyuta ya shule ni ya biti 32 au 64. Ikiwa haijulikani na kompyuta ni kuukuu, lichukuliwe toleo la biti 32. Toleo hilo hupakuliwa kama faili moja kubwa la aina ya ISO, na upakuaji ufanyike chuoni, penye mtandao wa kuaminika. Watoaji wake huambatisha mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi wa kuhakikishia faili. Wanachuo huupuuza, nasi tunasisitiza usipuuzwe, kwa sababu mtandao ukikatika katikati faili huweza kuonekana zima kumbe lina pengo. Kisha faili liandikwe katika flashi kwa programu maalumu kama vile Rufus. Kulinakili kama anavyonakili mtu wimbo hakutoshi, maana kompyuta haitapata pa kuanzia.

Kitendo hicho hufuta kila kilichokuwamo katika flashi. Mwaka mmoja mwanachuo wetu alichomeka flashi mbili kwa pamoja, akachagua ile yenye maandalio ya masomo ya mwenzake ya majuma sita. Yaliyofuata bwenini jioni ile tusiyaeleze. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba wakati wa kuandika mfumo, flashi nyingine zote ziwe zimechomolewa na kuwekwa mbali na meza.

Sasa tuje kwenye majaribio. Ili kompyuta iwake kwa flashi, hubonyezwa kitufe fulani mara tu inapoanza kuwaka. Katika nyingi ni F12, katika nyingine F9, Esc, F2 au Del, kwa kutegemea mtengenezaji. Kompyuta mpya zaidi huenda zikaukataa mfumo zisioutambua mpaka kinga yao ya kuwashia izimwe, na zile kongwe mno hazijui kabisa kuwaka kwa flashi, bali huhitaji sidii. Kwa hiyo mwanachuo asiridhike na jaribio moja katika maabara ya chuo. Ajaribu katika kompyuta tatu zisizofanana kabla hajapanda basi.

Upo mtego mmoja uliowasumbua wengi. Mwalimu huipanga kompyuta ianze kwa flashi, ikafanya vizuri Jumatatu. Jumanne inaipita flashi kana kwamba haipo. Mwalimu hudhani flashi imekufa, akaiandika upya, wapi! Atazame tarehe. Kompyuta ikionyesha mwaka wa zamani kila inapowashwa, basi betri ndogo ya mviringo iliyomo ndani yake, mara nyingi ya aina ya CR2032, imekwisha, na kompyuta imesahau mpangilio wote. Betri ni ya bei nafuu, na mpaka itakaponunuliwa mwalimu abonyeze kitufe kila siku.

Kuutunza

Mara ya kwanza Puppy inapozimwa huuliza kama ihifadhi mipangilio, na ihifadhi wapi. Mwalimu achague flashi yake, asichague diski ya shule. Kazi za wanafunzi zisiwekwe ndani ya faili hilo la mipangilio, bali katika folda ya kawaida kando yake, kwa kuwa umeme ukikatika ghafula faili la mipangilio huweza kuharibika. Likiharibika, katika matoleo mengi mwalimu huandika puppy pfix=ram wakati wa kuwasha, na mfumo huwaka kama mpya bila kulisoma. Flashi ya pili iliyo sawa na ya kwanza ibaki nyumbani. Zote mbili zikae katika kopo lenye kifuniko, kwa mvua za Rungwe na kwa vumbi la Isimani vilevile.

Lakini utunzaji mkubwa kuliko huo ni wa siri za watu. Katika shule moja ya mkoa wa Iringa kompyuta ya ofisi ilikataa kuwaka siku chache kabla ya alama za mtihani wa majaribio wa darasa la saba kutakiwa wilayani, na nakala nyingine haikuwapo. Mwanachuo wetu aliomba ruhusa, akawasha kwa flashi yake, akaifungua diski kwa kusoma tu, akanakili alama zote kwenye flashi ya shule, wala hakujaribu kutengeneza kitu kingine. Mwalimu mkuu alifurahi sana. Sisi tulifurahi pia, ila tulimwuliza mwanachuo swali moja: je, kompyuta ilikudai neno la siri? Haikumdai. Katika diski isiyofungwa kwa usimbaji, anayewasha kwa mfumo wake mwenyewe huona barua, taarifa za walimu na kumbukumbu za watoto bila kuulizwa yeye ni nani. Kwa hiyo tunawataka wanachuo wasifungue diski ya shule ila mwalimu mkuu akiwapo na kwa jambo alilolitaja yeye. Katika vipindi vya kawaida diski ile isiguswe hata kidogo.

Somo darasani

Tuchukue darasa la tano lenye wanafunzi 70 na kipindi cha dakika 40. Kompyuta iletwe darasani mapema, ikiwa umeme upo. Mwalimu aiwashe kwanza bila flashi, wanafunzi waone inavyosuasua au inavyokataa. Kisha aizime, achomeke flashi, aiwashe tena, na aulize: kipi kimebadilika, na kipi hakikubadilika? Wataona kwamba skrini ni ileile na kibodi ni ileile. Hapo neno mfumo endeshi litajwe, wala si kabla.

Wanafunzi 70 hawawezi kugusa kibodi siku moja, na mwalimu asijidanganye. Kundi moja la wanafunzi kumi na wanne lishughulike na kompyuta, wawili wawili, mmoja akisoma sentensi na mwenzake akiandika. Makundi manne yafanye mazoezi juu ya kibodi za manila zilizochorwa kwa ukubwa halisi. Baada ya vipindi vitano kila mtoto atakuwa ameandika jina lake na jina la kijiji chake, na kulihifadhi.

Katika kupima, swali la “mfumo endeshi ni nini?” hujibiwa na kasuku. Afadhali mwanafunzi apewe kompyuta iliyo wazi na aambiwe aifunge: ahifadhi kazi, azime kwa menyu, angoje taa izimike, ndipo achomoe flashi na kuirudisha koponi. Kila kipindi afanye mtoto mwingine, na mwalimu aweke alama kwenye orodha ya majina ili wa nyuma wasisahauliwe.