Kuzunguka Ziwa Kivu kwa Kinga



Mara hii komite ya wanafunzi imetuomba sisi wa mwaka wa mwisho kutoa somo moja lisilo la Egzetat. Tumechagua kinga. Wengine wanasema baiskeli, wengine velo, ni kitu kimoja. Tunajua kuna watakaocheka na kusema kinga ni ya mtu aliyekosa pesa ya pikipiki. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, kwani ndani ya somo hili mtakuta jiografia, hesabu na kemia, na mwishoni tutapanga safari.

Tuanze na swali. Mto wa Goma unaitwa nani?

Tuliwauliza wadogo wa mwaka wa kwanza. Mmoja akajibu « Kivu », lakini hilo ni ziwa. Ukweli ni kwamba mji wetu hauna mto hata mmoja. Mvua inanyesha sana, lakini mawe ya volkano yana matundu na nyufa, yanameza maji yote. Ndiyo maana kila asubuhi tunaona watoto na wamama wakipanda kutoka ziwani na bidoni za njano. Mvua ilinyesha usiku, na asubuhi nyumba haina maji.

Na kosa hilo la volkano ni la zamani sana. Wenye kusoma mawe wanatufundisha kwamba hapo kale maji ya bonde letu yalikwenda kaskazini, upande wa ziwa Edouard na Nile. Ndipo milima ya Virunga ikasimama katikati ya bonde, ikafunga njia kama mtu anavyofunga mfereji kwa udongo. Maji yakajaa nyuma yake, yakapanda, mpaka yakapata mlango upande wa kusini, pale Bukavu. Mlango huo ndio mto Ruzizi. Ruzizi unashuka hadi Tanganyika, Tanganyika inatoka kwa mto Lukuga, Lukuga unaingia Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe, hadi bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mto wetu uko, ila mlango wake uko mbali, kwenye ncha ya pili ya ziwa.

Sasa tazameni ng'ambo, upande wa Rwanda. Kuna mgongo mrefu wa milima unaokwenda sambamba na ziwa. Tone la mvua likianguka upande wa magharibi wa mgongo huo linaingia Kivu. Mto Sebeya, unaomwagika Gisenyi karibu kabisa na mpaka wetu, ni mfano. Tone jingine likianguka hatua chache upande wa mashariki linakwenda Nyabarongo, Akagera, ziwa Victoria, Nile, mpaka Misri. Matone mawili ya wingu moja, moja Atlantiki, jingine Mediterania! Kwa sababu hiyo njia ya wageni iliyotengenezwa kando ya ziwa upande ule iliitwa Congo Nile Trail, ndiyo kusema Njia ya Kongo na Nile.

Njia hiyo ina kilomita 227. Inaanza Rubavu (sisi tumezoea kusema Gisenyi), inapita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, inafika Rusizi, mbele ya Bukavu. Mwenye kutembea kwa miguu anahesabiwa siku kumi, mwenye kinga siku tano. Na anakuta nini njiani? Msifikiri kuna majumba ya ajabu. Anakuta udongo, kilima, kona, ghuba ya ziwa, halafu kilima tena. Pale Kinunu anaona kahawa ikioshwa. Jioni anaona wavuvi wa sambaza wakitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba ili makasia yaende sawasawa. Kitu hicho sisi tunakiona bure kila siku kwetu, na hatujawahi kukiita utalii.

Chukua kalamu na karatasi, chora ziwa. Upande wa mashariki weka njia ya kilomita 227. Sasa upande wa magharibi andika Goma, Sake, Minova, Kalehe, Bukavu. Barabara hiyo ina karibu kilomita 200. Unganisha ncha mbili za huku na ncha mbili za kule. Umepata duara la zaidi ya kilomita 400, likizunguka ziwa lililo kwenye urefu wa metre 1.460 juu ya bahari. Nusu ya duara wageni wanaijua. Nusu ya pili, ile ya kwetu, haimo hata katika vitabu vyao vya safari. Kwa nini?

Si kwa sababu ya kukosa uzuri. Kwetu mwendesha kinga ana Nyiragongo mgongoni, metre 3.470, na Nyamulagira pembeni yake. Kabla ya kufika Sake anapita juu ya lava ya Nyamulagira iliyotiririka kati ya 1938 na 1940 hadi ikaingia ziwani. Ana Lac Vert ndani ya shimo la volkano ya zamani, ana ghuba ya Kabuno, na mbele yake kisiwa cha Idjwi. Si kwa sababu hatujui magurudumu mawili pia. Watu wa Kivu ya Kaskazini ndio wenye chukudu! Toka miaka ya 1970 vijana wanachonga miti, wanavalisha gurudumu mpira wa gari la zamani, wanashuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, makabichi na makala, breki ni kisigino na kipande cha mpira. Chukudu imejengewa sanamu kubwa katikati ya mji. Hatujui mji mwingine uliomjengea mbeba viazi namna hiyo.

Sababu ni nyingine, na tuiseme wazi. Njia ya Sake sisi tunaijua kwa kukimbia.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni. Siku tano baadaye, asubuhi, serikali ikatangaza watu watoke katika sehemu kubwa ya mji, na wengi walielekezwa Sake. Wengi wetu tulikuwa na miaka kumi na tatu, kumi na nne. Tulikwenda na magodoro kichwani. Mmoja wetu alisukuma kinga ya baba yake usiku kucha bila kuipanda, kwani juu yake kulikuwa na nyanya, sufuria na kuku wawili. Halafu toka 2022 njia hiyohiyo ikajaa kambi za waliokimbia vita, watu mamia ya maelfu chini ya mashiti ya plastiki, Bulengo na kandokando ya Mugunga. Kuna wenzetu humu shuleni waliotoka katika kambi zile. Januari 2025 vita vikaingia Goma yenyewe, Februari vikafika Bukavu. Basi ukimwambia mtu wa hapa « twende Sake kujifurahisha », anakutazama kama umerukwa na akili.

Lakini njia ikifungwa, matokeo yake hayaishii kwa mtalii. Mwanzoni mwa 2024 mapigano yalikata barabara kati ya Goma na Minova. Wamama wenye kuleta chakula sokoni wakabaki na ziwa tu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova, likiwa limejaa kupita kiasi, lilizama likikaribia bandari ya Kituku, watu wa ufukoni wakitazama kwa macho yao. Makumi walikufa. Kwa hiyo tunaposema tunataka barabara ambayo mtu anaweza kuipita polepole na kinga, bila kuogopa, hatuombi mchezo wa matajiri. Barabara nzuri kwa kinga ni nzuri kwa chukudu, kwa mama wa mihogo na kwa mtoto wa shule.

Tufanye hesabu kidogo. Mgeni mwenye gari la maana, barabara ikiwa nzuri, anatoka Goma asubuhi na usiku analala Bukavu. Pesa yake inabaki Goma na Bukavu. Njiani aliacha vumbi. Sasa mwenye kinga anafanya kilomita 50 kwa siku, kwani vilima si mchezo. Kilomita 200 ni siku nne, usiku tatu katika vijiji. Chakula mara tatu kwa siku. Ndizi, chai, maji, fundi wa kubandika mpira, kijana wa kumwonyesha njia. Wakija kumi kwa pamoja, ni vitanda thelathini na sahani zaidi ya mia moja, na hakuna hata sahani moja iliyohitaji hoteli kubwa. Kwa mawazo yetu hapo ndipo watu wetu wanakosea. Wakisikia utalii, wanaona sokwe wa Virunga na jengo la ghorofa. Sokwe ni utajiri, hatukatai, na hifadhi ile ni ya tangu 1925. Lakini Mei 2018 wageni wawili Waingereza walipotekwa, na mlinzi mmoja wa hifadhi akauawa, wageni walizuiwa hadi Februari 2019. Kazi inayotegemea mlango mmoja inakufa siku mlango ukifungwa. Tena nani alisema mtalii lazima awe mzungu? Mtu wa Himbi anayekwenda Lac Vert Jumamosi na kununua samaki kwa mama wa Mugunga ni mtalii kamili.

Sasa kemia, na hapa tunaomba hata wenye kulala waamke.

Siku moja ya likizo tulikwenda upande wa Lac Vert, watu saba kwa kinga nne. Ilikuwa mapema, hakuna upepo. Tulichoka, tukaona bonde dogo lenye majani mazuri karibu na maji, tukalaza kinga na kukaa, tukatoa mikate. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndizi akapiga kelele toka juu: « Batoto, mutoke hapo! Muko ndani ya mazuku! » Tulidhani anatutisha. Akashuka hatua chache tu, hakufika tulipokuwa, akawasha kiberiti, akakiteremsha karibu na majani. Moto ukazimika kama umetiwa maji. Akawasha cha pili, kikazimika. Hapo tukaona mjusi mfu na ndege wawili wafu katika majani, na mwenzetu mmoja aliyekuwa amelala chali akasema kichwa kinamwuma. Tulipanda juu mbio, mikate tukaiacha.

Mazuku ni gazi karbonike, ile CO2 tunayoiandika ubaoni kila juma. Inatoka ardhini katika nyufa za volkano. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya katika mashimo kama maji katika bakuli. Usiku na asubuhi mapema ni mbaya zaidi, kwani upepo haujaanza kuifagia. Sehemu za kati ya Goma na Sake, karibu na ziwa, zina mazuku mengi. Wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wanatumia neno letu hilihili katika maandishi yao. Tulikuwa na maksi nzuri za kemia sisi wote saba, na aliyetuokoa ni mama wa ndizi. Kwa hiyo mtu akiuliza duara letu linahitaji nini kwanza, sisi tunasema vibao. Kibao cha mbao, chenye neno MAZUKU, kila penye shimo, na wenyeji wa pale walipwe kwa kuvionyesha na kuvitunza. Hilo halingoji watalii. Mbuzi na watoto wa wenyeji wanakufa humo tangu zamani.

Kuna jambo la mashindano pia, tusilipite. Tour du Rwanda ilianza 1988, na mara nyingi imefika Rubavu, mlangoni petu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya kinga yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Kwa wanaume wakubwa, mbio za barabarani alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, kwa wanawake Magdeleine Vallieres wa Kanada. Tumeandika jina la huyu dada makusudi. Katika shule yetu wasichana wanaokuja na kinga ni wawili tu, na kila siku wanasikia maneno kwenye lango. Wenye kusema maneno hayo tunawajua, ni wa mwaka wa nne, na hata mlima wa Goma hawajaupanda bila kushuka na kusukuma.

Basi safari. Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani, kama Direksio itaruhusu, kama wazazi watatia sahihi, na kama siku hiyo njia itakuwa na utulivu. Hatufiki Sake. Tunakwenda Lac Vert na kurudi. Tutaondoka saa tatu, si mapema zaidi, na sababu sasa mnaijua. Tutakwenda mmoja nyuma ya mwingine upande wa kuume, kwani mafuso ya barabara ile hayamwonei mtu huruma. Kupumzika ni juu ya vilima tu. Kila mmoja alete kofia, maji, faranga kidogo za kununua ndizi na samaki kulekule. Tafadhali msibebe chakula kutoka nyumbani. Pompi moja iko kwa kapita wa darasa letu, gundi na viraka tutanunua kwa mchango.

Majina yanaandikwa kwetu wakati wa mapumziko. Mpaka leo kinga zilizopatikana ni sita na majina ni kumi na tatu. Mwenye kutaka kuleta kinga ya baba yake aiombe kabla, siyo baada.